Bastola ya mama watoto: Usajili usiotaka kukurupuka

BEREGA, KILOSA. DAKIKA 90 za dabi zimeisha kule Kwa Mkapa. Huku Berega, kibanda umiza ndo kwanza kinamwaga watu. Walioshinda wanaimba, waliofungwa wanalaumu refa, na mmoja wao anakata kichochoro kuelekea kwake. Simu imezima chaji. Hataki kuamsha watoto, hivyo anazunguka mlango wa uani na kuanza kuusukuma taratibu.

Ndani kuna mke wake. Yuko peke yake na wanawe, na pesa za duka ziko chini ya kitanda. Anasikia mlango unasukumwa gizani.

Sasa mpe huyo mama bastola mkononi, uone hadithi inavyobadilika.

Wazo la kumnunulia mke bastola halitoki hewani. Kwenye vijiji vingi kama Berega, chini ya milima ya Ukaguru, mama ndiye anayelinda duka na ndiye wakala wa kutuma na kupokea pesa. Baba yuko shamba, yuko safarini, au yuko kwenye mpira. Mtibwa Sugar wakiwa nyumbani, shabiki wa kweli anapanda gari kwenda Manungu au Jamhuri Morogoro, na kurudi ni usiku. Hofu ya mwizi ni ya kweli. Ndipo mwanaume anaanza kuuliza: bastola ipi inamfaa mama watoto, na ni bei gani?

Kwa mtu wa mpira, swali hilo ni la usajili. Na kila shabiki anazijua timu zilizoumia kwa kusajili kwa kukurupuka.

LESENI NI YA MCHEZAJI, SI YA BOSI

Jambo la kwanza ambalo waume wengi hawalijui ni kwamba bastola hainunuliwi kama kitenge, ukaifunga kwenye mfuko na kumpa mtu zawadi ya sikukuu. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni hutolewa kwa mtu kwa jina lake, na silaha husajiliwa kwa namba zake. Haiwi ya familia.

Maana yake, kama bastola ni ya mke, basi mwombaji ni mke. Ni yeye anayeanzia serikali ya kijiji, ni yeye anayefika polisi wilaya, na ni maombi yake yanayopita kwenye kamati za usalama kabla ya uamuzi. Ni yeye anayeulizwa sababu ya kutaka silaha, na ni yeye anayepaswa kuonyesha kwamba anaweza kuitumia kwa usalama.

Mume anayechukua leseni kwa jina lake kisha akamwachia mkewe bastola akisafiri, amechezesha mchezaji asiye na leseni. Kwenye ligi unapokwa pointi. Hapa unakwenda mahakamani, na mkeo anaweza kuunganishwa.

Kwa hiyo kabla ya bei, liko swali ambalo wengi wanaliruka: mama mwenyewe anaitaka? Kuna wanawake hawataki hata kuigusa. Ukimsajili mchezaji ambaye moyo hauko kwenye timu, umetupa hela.

VIPIMO KABLA YA SAINI

Tuseme anaitaka. Hapo yanakuja makosa ya dukani. Mwanaume anaingia, anaona bastola ndogo, nyepesi, anasema hii ndo ya mwanamke. Wanaozijua silaha wanasema kinyume chake. Kwa risasi ya aina moja, bastola nyepesi hurusha mkono zaidi kuliko nzito. Hiyo ndogo inayopendeza kwenye pochi inaweza kuwa ngumu kuliko zote kuidhibiti.

Aina kuu ni mbili. Rivolva ina silinda ya mviringo ambayo mara nyingi hubeba risasi tano au sita. Ni rahisi kuielewa na haihitaji kukokiwa, ila kwa nyingi kifyatulio chake ni kizito kwa kidole. Ya pili ni ya magazini, kama Glock ya Austria au CZ ya Jamhuri ya Czech. Glock 17, yenye risasi za milimita 9, hubeba risasi 17 kwenye magazini yake ya kawaida. Ila lazima uvute sehemu ya juu kwa nguvu ili kuikoki, na si kila mkono unaiweza.

Uzito nao si mzaha. Glock 17 ikiwa imejaa risasi ina karibu gramu 900. Mpira wa mechi una gramu 410 hadi 450. Yaani ni kama kushika mipira miwili kwa mkono mmoja, gizani, huku moyo unadunda.

Kipimo ni mkono wake, si wa mume: kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kujikunja? Anaweza kukoki mwenyewe? Akifyatua mara ya pili, bado anailenga sehemu ileile? Majibu hayo hayapatikani kwa kuangalia kabatini. Yanapatikana kwenye uwanja wa kulengea shabaha, akiwa na mwalimu.

ADA YA USAJILI SI MSHAHARA

Tuje kwenye mzigo wenyewe. Marekani, ambako silaha ni bidhaa ya kawaida, Glock mpya huenda kwa kati ya dola 500 na 700. Kwa shilingi, hiyo ni zaidi ya milioni moja kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji mwenye kibali hapa nchini. Anayesikia kuna "ya bei poa" mtaani aelewe kwamba hiyo ni silaha haramu, na huenda imeshafanya kazi mbaya kwingine.

Lakini kama ilivyo kwa straika, ada ya usajili ni mwanzo tu. Baada yake kuna mshahara. Kuna leseni ya kulipia na kuhuisha. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani au sakafuni. Kuna risasi, za kukaa nazo na za mazoezi, kwa sababu mtu aliyefyatua mara moja tu mwaka juzi hana tofauti na kipa aliyekaa benchi misimu mitatu. Kuna nauli za kufuatilia makaratasi Kilosa na Morogoro mjini.

Piga hesabu hiyo yote, kisha uliza duka lenyewe lina mtaji wa shilingi ngapi. Kwa wengi, ulinzi utakuwa ghali kuliko kinacholindwa.

SOMO KUTOKA SAUZI

Mashabiki wa hapa wanaijua soka ya Afrika Kusini. Simba waliwahi kupigwa 4-0 na Kaizer Chiefs mwaka 2021 kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ni soka tajiri, na ni nchi yenye bastola nyingi mikononi mwa raia.

Oktoba 26, 2014, kipa wa Orlando Pirates na nahodha wa Bafana Bafana, Senzo Meyiwa, aliuawa kwa risasi Vosloorus, ndani ya nyumba ya familia ya mpenzi wake, mwimbaji Kelly Khumalo. Alikuwa na miaka 27. Aprili 3, 2024, beki wa Kaizer Chiefs, Luke Fleurs, alipigwa risasi na kufa kwenye kituo cha mafuta Johannesburg, gari lake likaporwa.

Visa hivyo ndivyo vinavyowafanya watu watake bastola. Kisha kuna kisa cha tatu. Februari 14, 2013, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo nyumbani kwake Pretoria. Alisema alidhani ni mwizi. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilimtia hatiani kwa mauaji.

Hata hapa nyumbani, jijini Mwanza mwaka 2022, mwanaume alimuua mkewe kwa bastola kisha akajiua. Silaha iliyomo ndani haichagui ugomvi wa mwizi na ugomvi wa mume na mke.

Na kuna watoto. Bastola iliyofungiwa kwenye sanduku haitoki haraka mwizi akiingia. Ile iliyo chini ya mto, mtoto wa miaka minne anaifikia kabla ya mwizi. Hapo katikati hakuna kocha aliyepata mfumo usio na hatari.

KIKOSI KILICHOPO

Anayetaka kweli, na mke akakubali, njia ya sheria ipo na aifuate yote. Ila timu nzuri huangalia kwanza kikosi ilichonacho. Komeo la chuma mlango wa uani. Taa ya sola nje. Mbwa. Filimbi, na majirani waliokubaliana kwamba ikilia wote wanatoka. Namba 112 ya polisi kwenye simu yenye chaji. Na kubwa kuliko yote, pesa za uwakala zisilale ndani.

Kuna moja la bure kabisa. Mpira ukiisha, piga simu kabla ya kufika. Simu ikiwa imezima, pita mlango wa mbele, gonga, taja jina lako kwa sauti.

Kufungwa dabi kunauma. Lakini ligi ina mzunguko wa pili.