Simu Zipi Zikubaliwe? Funzo Kutoka Mwanza



Siku hizi ni nadra mkutano wa wakulima kwisha bila ya mtu kusimama na kusema kwamba yafaa chama kiwe na programu yake ya simu, ili mwanachama ajue bei, siku ya kupima karafuu na hesabu ya fedha zake bila ya kutoka nyumbani. Rai hii ni njema. Lakini kabla ya kulipa hata shilingi moja liko suala linalotangulia mengine yote: programu hiyo itafanya kazi katika simu za nani?

Wako wanaodhani kuwa simu zote ni mamoja. Sivyo. Ndani ya simu mna programu kubwa inayoziongoza nyingine, nayo huitwa mfumo endeshi. Simu za iPhone, zilizoanza kuuzwa mwaka 2007, zina mfumo uitwao iOS. Simu nyingine nyingi za kupangusa zina mfumo uitwao Android, ambao simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008. Simu ndogo za batani, ambazo bara huitwa vitochi, zina mifumo yao midogo. Programu iliyoundwa kwa mfumo mmoja haiingii katika mwingine, kama ufunguo wa kufuli moja usivyofungua nyingine.

Basi kwa nini isiundwe kwa mifumo yote? Kwa sababu kila mfumo unaoongezwa huleta gharama tatu: ya kuunda, ya kujaribu na ya kutunza. Hiyo ya tatu ndiyo nzito, kwani haina mwisho. Wenye mifumo huibadilisha kila mwaka, na programu isiyofuatilia mabadiliko hayo huharibika. Hata kuiweka dukani kuna ada: Google hutoza dola 25 mara moja, na Apple dola 99 kila mwaka. Mkulima wa karafuu alijua jambo hili zamani: kupanda mche ni kazi ya siku moja, kuutunza ni kazi ya miaka.

MAMBO YA ZIWANI

Tutazame wenzetu wa Mwanza na pwani ya Ziwa Viktoria. Mvuvi wa dagaa hutoka na taa zake usiku usio na mwezi, akarudi alfajiri. Dagaa wakikauka hupelekwa sokoni, kama pale Mwaloni Kirumba, na wengine huvuka mpaka wakafika Kongo. Mtu huyu ahitaji habari za bei kama sisi tunavyozihitaji. Lakini kazi yake iko majini, na visiwani si kila pahala pana umeme. Simu ndogo ya batani yamfaa kwa sababu chaji yake hukaa siku nyingi, na ikitumbukia ziwani hasara si kubwa.

Je, mtu kama huyu alifikiwaje? Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania, mwaka 2008, simu za Android zilikuwa bado hazijafika mikononi mwa watu. Huduma ilipita katika nambari *150*00#. Orodha ya kuchagua hutoka katika mitambo ya kampuni yenyewe, na simu haina kazi ila kuonyesha maandishi. Kwa hiyo haikuhitajika kuuliza una simu gani. Programu za simu za kupangusa zilikuja baadaye, na nambari haikuondolewa.

Upande wa Kenya, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ilifuata njia iliyo karibu na hiyo. Iliwawekea wavuvi wa ziwa huduma ya kuuliza bei za samaki kwa ujumbe mfupi, na ujumbe mfupi huingia katika simu yoyote.

Lakini njia ya nambari na ya ujumbe ina upungufu wake. Ujumbe mmoja hauchukui zaidi ya herufi 160, na skrini moja ya nambari haizidi herufi 182. Picha haiingii. Tena haikuruhusu kufanya kazi mtandao ukiwa umekatika. Ndiyo sababu Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, yenye kituo chake Mwanza, ilipotaka kukusanya takwimu za samaki wanaoshushwa mialoni ilitengeneza mfumo wa simu za kupangusa, uitwao eCAS.

Je, mmoja alikosea? Hapana. Waandishi wa takwimu ni watu wachache wanaojulikana, nao waweza kupewa simu na kufundishwa. Wavuvi ni maelfu, na kila mmoja huja na simu yake. Hapo ndipo penye funzo: ukiwa wewe ndiwe unayetoa simu, chagua mfumo mmoja na utulie, mtu akija na simu yake mwenyewe, huna budi kumfuata alipo.

MIFUMO HUZEEKA

Mtu asidhani kuwa akisha kuchagua kazi imekwisha. WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Nokia zenye mfumo wa Symbian mwaka 2017, na katika zile za Windows Phone mwishoni mwa 2019. Tarehe 24 Oktoba 2023 iliacha Android zote zilizo chini ya toleo la 5.0. Kwa hiyo kusema "tunakubali Android" hakutoshi. Lazima kutaja ni kuanzia toleo gani, na kutoa notisi mapema kabla ya kuliacha la zamani.

NAMNA YA KUAMUA

Kwanza, zihesabiwe simu za wanachama, shehia kwa shehia. Wasiulizwe wanakamati peke yao, kwani aghlabu wao ndio wenye simu nzuri. Wala tusitegemee hesabu ya walioingia katika programu, maana yule ambaye simu yake haikukubali haachi alama yoyote. Ukimtafuta katika hesabu hiyo utadhani hayupo.

Pili, tuulize aliyeachwa nje atapata hasara gani. Akikosa picha ya mche wenye maradhi, ataiona kwa jirani. Akikosa habari ya bei, mchuuzi atamnunulia karafuu zake kwa bei ya chini.

Tatu, ipimwe gharama ya miaka mitano, si ya mwaka wa kwanza tu. Na izingatiwe kwamba nambari fupi hutolewa kwa idhini ya TCRA na kwa mapatano na kampuni za simu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika wanachama 100, 55 wana simu za batani, 38 wana Android, 3 wana iPhone, na 4 hawana simu. Akianza mtu na programu ya Android na ya iPhone, atalipia mifumo miwili na kuwaacha nje watu 59. Akianza na ujumbe mfupi wa bei, atawafikia 96 mara moja. Baadaye aongeze programu ya Android kwa mambo ya picha na hesabu. Wale 3 wa iPhone waweza kufungua ukurasa wa kawaida wa intaneti. Na wale 4? Bei yao ibandikwe ubaoni katika kituo cha kununulia, kama ilivyokuwa siku zote.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, akija fundi na programu yenye rangi nzuri, msimuulize kwanza bei yake. Mwonyesheni simu ya mzee aliyekaa nyuma ya mkutano, mkamwambie aifungue humo.