SI KILA UPUNGUFU WA DAMU NI WA CHAKULA

Tukiambiwa mtu hana damu, mara nyingi twadhani hali vizuri, au ana safura au malaria. Kwa wengi ndivyo. Lakini wako wanaokula vizuri na damu yao bado hupungua, kwa sababu kimeng'enya kimoja ndani ya seli zao nyekundu kina kasoro.

Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini wala mitokondria, ambamo seli nyingine hupatia nguvu nyingi. Yenyewe hutegemea kuivunja glukosi bila ya oksijeni. Njia hii huitwa glaikolisisi. Ina hatua 10, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Ni mfano wa watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji: mmoja akilegea, maji hayafiki. Faida ya kila glukosi ni molekuli 2 tu za ATP, na kwa nguvu hiyo ndogo seli huishi siku 120 hivi.

Kasoro ijulikanayo zaidi katika njia hii ni ya piruveti kinasi, kimeng'enya cha hatua ya mwisho, nayo ilielezwa na madaktari mwaka 1961. Seli ikikosa nguvu hupoteza potasiamu na maji, ikanyauka, kisha bandama na ini huiondoa kabla ya wakati wake. Mgonjwa huchoka upesi, macho huwa ya manjano, na wengine hupata vijiwe vya nyongo.

Je, hutoka wapi? Mtoto huirithi kwa baba na mama wote wawili, nao wenyewe huenda ni wazima kabisa. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Wazazi wa ukoo mmoja huwa karibu zaidi na jambo hili. Basi tusimlaumu mama peke yake, wala tusiseme ni uchawi.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, mtoto mchanga akigeuka manjano, tusitosheke na kumwanika juani. Tumpeleke hospitali mapema. Pili, tusimpe mtu vidonge vya madini ya chuma kabla ya kupimwa, kwani miili ya wagonjwa hawa hulimbikiza chuma, na kikizidi hudhuru ini na moyo.

Tupime kwanza, ndipo tutibu.