Padri ana vigango vingi, katekista ni jirani yako

Vijana wengi wa mjini wanalijua jina la Chepsaita, kule Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu, kwa sababu ya mbio za nyika. Lakini kama una nyanya au shangazi Mkatoliki katika vijiji vya upande huo wa Eldoret, kuna mkimbiaji mwingine umemwona mara nyingi na hujawahi kumpigia makofi. Ana Biblia kwapani. Asubuhi yuko kwa mgonjwa, mchana kwa wafiwa, jioni anafundisha watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Huyo ni katekista.

Piga hesabu kidogo. Parokia ya mashambani huwa na kanisa lake kuu pamoja na vigango kadhaa. Mapadri ni mmoja au wawili, na Jumapili ni moja. Lazima kuna kigango kitakachokosa Misa wiki hiyo. Je, waumini hufunga mlango na kurudi nyumbani? La. Katekista huongoza Ibada ya Neno: masomo yanasomwa, mafundisho yanatolewa, watu wanaimba na kuombeana. Palipo na mhudumu wa Ekaristi aliyeteuliwa, waumini hupokea Komunyo iliyowekwa wakfu katika Misa ya awali.

Usichanganye mambo, lakini. Katekista ni mlei, yaani muumini ambaye si padri wala mtawa. Hawezi kuadhimisha Misa, kuungamisha au kumpa mgonjwa mpako mtakatifu. Ila Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika Kanuni ya 230, inawaruhusu walei kuongoza sala, kubatiza na kugawa Komunyo pale wahudumu wenyewe wanapokosekana. Na kukiwa na dharura, tuseme mtoto yuko mahututi hospitalini saa nane za usiku, mtu yeyote mwenye nia inayofaa anaweza kumbatiza. Hata wewe.

Haya si mambo yaliyoshushwa kutoka Roma tu. Mwaka 1973 maaskofu wa ukanda wetu, kupitia shirikisho lao la AMECEA, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: majirani wanaokutana nyumba kwa nyumba, wanasali, na wanajua nani analala njaa. Miaka mitatu baadaye Taasisi ya Gaba, inayofunza watu kazi za kichungaji, ilihamishwa kutoka Uganda hadi Eldoret. Kwa hivyo mji huu wa wanariadha umekuwa pia mahali pa kusomea kazi hii.

Sasa tuongee kuhusu kinachowaudhi vijana. Umehamia mjini, una kazi, na jumuiya hujaikanyaga miaka mitatu. Siku unataka harusi, paroko anakuuliza barua ya jumuiya. Unaenda kwa mwenyekiti, anakutazama juu hadi chini: "Wewe ni wa nani?" Inauma. Na ukweli usemwe, wako viongozi wanaoigeuza barua hiyo kuwa kiboko cha kulipiza kisasi au njia ya kudai michango. Hilo ni kosa, na una haki ya kumwona paroko. Lakini pia, mwenyekiti atashuhudia vipi kuhusu mtu asiyemjua?

Kuna jambo zito zaidi ya barua. Kanuni ya 231 inasema walei waliojitoa kulitumikia Kanisa kwa kazi maalumu wana haki ya malipo ya heshima yanayolingana na hali yao. Ulizia huko kwenu hali ikoje. Makatekista wengi wanaishi kwa posho ndogo, na ni shamba au biashara ndogo inayowalipia watoto wao karo. Tunachangia sauti mpya za kwaya na ukuta wa kanisa, halafu anayetembea kwa miguu kwenda kwa mgonjwa tunamwambia Mungu atamlipa. Halafu tunashangaa kwa nini hakuna kijana anayetaka kumrithi akizeeka.

Na nani alisema hii ni kazi ya wazee? Daudi Okelo na Jildo Irwa, Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, walienda kufundisha dini kijiji cha Paimol. Walipouawa huko Oktoba 1918, Daudi alikuwa na miaka 16 hivi, na Jildo 12 hivi. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wenyeheri mwaka 2002. Mwaka 2021 Papa Fransisko naye alifungua milango zaidi: Januari aliruhusu wanawake wapewe rasmi huduma za usomaji na utumishi wa altare, na Mei akaitangaza kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa, kwa wanaume na wanawake.

Hutakiwi kuacha kazi yako. Unajua kompyuta? Daftari za ubatizo za kigango zinahitaji mtu wa kuzipanga. Uko kwenye kamati ya fedha, au baba yako yuko? Uliza kwenye mkutano katekista analipwa ngapi, na uulize kwa sauti. Ukienda ushago Desemba, hudhuria jumuiya hata mara moja, wakujue sura.

Maana siku nyanya akifariki, padri atafika kwa Misa ya mazishi kisha akimbie kigango kingine. Lakini rozari ya kila jioni ya matanga, na ile ziara wiki moja baada ya wageni kuondoka, itakuwa ya huyo jirani mwenye Biblia kwapani. Lijue jina lake kabla ya siku hiyo.