WARIDI LA JANGWANI NA WATOTO WETU

Apitaye Kibamba kwa barabara iendayo Morogoro hakosi kuona, mbele ya nyumba za watu, mti mfupi uliopandwa katika chungu au ndoo kuukuu. Shina lake ni nene, limevimba chini kama mtungi, na maua yake ni mekundu yenye weupe katikati. Ndilo waridi la jangwani.

Majuzi tulikaribishwa katika nyumba moja huko, tukamkuta mtoto mdogo amekaa chini ya mti huo, jani mkononi, analipeleka kinywani. Tukamnyang'anya upesi. Mama yake akastaajabu: "Maalim, ua zuri namna hii laweza kuwa na madhara?" Swali lake ndilo lililotufanya tuandike maneno haya.

Kwao mti huu ni penye mawe na ukame: nyika za Tsavo, nchi kavu za kaskazini mwa Tanzania, Somalia, Yemen, hata milima ya Dhofar katika Oman. Mtaalamu wa mimea Forsskål, aliyefuatana na msafara uliotumwa na Mfalme wa Denmark, aliukuta Yemen, naye akafia huko mwaka 1763. Maelezo yake yalipigwa chapa mwaka 1775. Jina lake la kitaalamu, Adenium obesum, linakumbusha mji wa Aden, na neno la pili maana yake ni "mnene".

Tazameni hekima ya Mwenyezi Mungu. Mvua inyeshapo, mti huu huweka akiba ya maji shinani. Kiangazi kikija hupukutisha majani, usibaki ila vijiti vitupu. Na juu ya vijiti hivyo huchanua maua.

Lakini katika nchi yenye kiu, mwenye akiba ya maji hawi salama ila awe na kinga. Kinga ya mti huu ni sumu iliyomo katika utomvu wake, nayo imeenea mizizini, shinani na majanini. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huuchemsha utomvu huo mpaka ukawa mzito, wakaupaka mishale yao ya kuwindia. Sumu hiyo huvuruga mapigo ya moyo. Ikiwa yaangusha mnyama wa porini, itamhurumia mtoto, au mbuzi wa jirani?

Hatusemi mti ung'olewe. Twasema uwekwe juu, mahali mkono wa mtoto usipofika. Akataye matawi avae glavu, kisha anawe mikono, wala asitupe vipande penye mifugo. Mtoto akitafuna, asafishwe kinywa na apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande cha mti ili mganga akione. Asilazimishwe kutapika, wala muda usipotezwe kwa maziwa.

Nao mti utunzwe kama ulivyozoea kwao: udongo wa mchanga, jua tele, maji kidogo. Wakati wa masika uwekwe chini ya paa, kwani maji mengi huuozesha mizizi.

Tulipoaga, mama yule alikuwa amekwisha kukipandisha chungu chake juu ya ukuta. Maua yalionekana vizuri zaidi kuliko kwanza, na mtoto alikuwa akicheza chini yake. Nasi twawaomba wazazi wengine: kabla ya kuleta mti nyumbani, muulizeni auzaye ni mti gani.