Wengine Wote Chuchumaeni

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nimefungua kompyuta, na ndani yake mna orodha ya vitabu vya maktaba ya shule. Kila kitabu kina mstari wake. Safu ya kwanza ni namba, ya pili ni jina la kitabu, ya tatu ni mwandishi, ya nne ni rafu. Hili ndilo lahajedwali. Dan Bricklin na Bob Frankston wa Marekani walitoa lao, VisiCalc, mwaka 1979. Leo karatasi moja ya lahajedwali la Excel ina mistari 1,048,576.

"Mjomba, nani atasoma mistari yote hiyo?"

Hasomi mtu! Umeuliza vizuri, mwanangu. Yupo wa kutumwa, fomula iitwayo VLOOKUP. Msikieni mwenyewe:

"Mimi kazi yangu kushuka. Nipe namba 214. Nashuka, nashuka, nashuka safu ya kwanza. Nikiiona nasimama, naelekea kulia, nahesabu safu mpaka ya nne, nakuletea rafu."

"Na nikimpa rafu, aniletee namba?"

Ahaa! Hapo umemshika pabaya. Kushoto haendi. Mdogo wake, XLOOKUP, ndiye anayekwenda pande zote mbili.

Tena VLOOKUP ana kituko. Mwishoni mwa fomula mwandikieni FALSE, yaani nataka hiyohiyo, si iliyo karibu nayo. Msipoandika, atadhani namba zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Kama 214 haimo, atawaletea rafu ya 213, tena bila haya! Mkiandika FALSE, atasema ukweli: #N/A. Nimeshuka mpaka chini, sikuiona. Watoto wengi wakiona alama hiyo hudhani wameharibu kompyuta. Hamjaharibu kitu. Mmejibiwa.

"Mjomba, mimi nataka vitabu vyote vya Shaaban Robert."

Basi huyu hakufai, kwa sababu akikiona cha kwanza husimama papo hapo, hata kama chini vipo vingine kumi. Hapo tunataka kichujio.

Mnaujua uwanja wa shule asubuhi. Mwalimu anasema: "Darasa la nne simameni, wengine wote chuchumaeni." Wanaoonekana ni darasa la nne tu. Je, wengine wamekwenda nyumbani?

"Hawajaenda! Wamechuchumaa!"

Ndivyo kichujio kinavyofanya. Bonyeza kishale kilicho juu ya safu ya mwandishi, chagua Shaaban Robert. Vitabu vyake vinasimama, vingine vinachuchumaa. Tazameni namba za mistari pembeni: 5, kisha 18, kisha 40. Zimekuwa za buluu, tena zinaruka. Zilizorukwa zipo, hazijafutwa. Ukiondoa kichujio, zote zinasimama.

"Na kitabu kipya kikija?"

Swali la mtu mzima hilo! Kichujio hiki hakiangalii tena mpaka ukiamuru upya. Lakini ipo fomula iitwayo FILTER. Hiyo haiigusi orodha yenyewe. Unaiandika pembeni, unaiambia: niletee kila mstari ambao mwandishi wake ni Shaaban Robert. Inaileta yote, na orodha ikibadilika inaileta upya yenyewe, bila kuamriwa. Mimi naipenda hii kuliko zote.

Haya, tuijaribu. Adili na Nduguze kimekuja. Kufikirika kimekuja.

"Mjomba, Kusadikika hakipo! Na mwandishi ni huyohuyo!"

Una macho makali wewe. Bonyeza jina la mwandishi kwenye mstari wa Kusadikika. Peleka mshale mpaka mwisho. Unaona umepita herufi ya mwisho? Aliyeandika aligusa kitufe cha nafasi baada ya "Robert". Kwetu sisi ni jina lilelile. Kwa fomula ni mtu mwingine kabisa, maana hata nafasi tupu huihesabu.

Ifute. Umeona? Kusadikika hicho, rafu ya tatu. Nani anakwenda kukichukua?