Kutafuta Kasoro Isiyoonekana kwa Macho

Mama anunuapo chungu sokoni hatosheki kukitazama tu. Hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Kikilia vizuri hukinunua. Sauti ikiwa mbovu hukiacha, kwa maana kina ufa. Nataka kuwaeleza wasomaji kwamba mabingwa wa kompyuta za kwanta nao hutafuta kasoro kwa kusikiliza.

Sehemu kuu ya kompyuta hizo huitwa kyubiti. Aina moja hutengenezwa kwa metali kama alumini au niobi. Niobi imo hata katika ardhi yetu, kwenye kilima cha Panda karibu na Mbeya. Metali hizi zikipozwa sana, umeme hupita ndani yake bila kizuizi. Niobi hufikia hali hiyo kwenye nyuzi 264 hivi chini ya sifuri, na kyubiti hupozwa zaidi ya hapo.

Lakini juu ya metali hutanda oksaidi nyembamba, mfano wa kutu. Humo atomu hazikupangwa sawasawa, na nyingine huhamahama baina ya mahali pawili. Kasoro hizo huinyang’anya kyubiti nguvu zake, na hesabu huharibika.

Je, hugunduliwaje? Chukua zeze mbili za Kigogo zilizolinganishwa sauti. Ukipiga moja, uzi wa ile ya pili hutetemeka wenyewe, kwa kuwa umepokea nguvu ya mwenzake. Basi bingwa hubadili sauti ya kyubiti kidogo kidogo. Akifikia sauti ya kasoro, nguvu ya kyubiti hupotea upesi. Hapo amekwisha inasa.

Huko Karlsruhe, Ujerumani, mabingwa huongeza hila mbili: hukipinda kidogo mno kile kipande chenye kyubiti, kisha hukielekezea nguvu ya umeme kutoka nje. Kasoro iliyo juu ya metali hubadili sauti kwa umeme huo. Iliyojificha ndani ya kiungo cha kyubiti hubadilika kwa kupindwa tu. Ndivyo wanavyojua ilipo.

Kujua ilipo ni nusu ya dawa. Mwaka 2021 mabingwa wa Princeton, Marekani, walitangaza kwamba walipoweka tantali badala ya niobi, kyubiti ilidumu zaidi ya milisekunde 0.3.

Hapa Dodoma ndipo yalipo makao ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Lakini tusipokuwa na watu wa kuisikiliza metali, tutaiuza kama mawe tu. Kwa hiyo mimi, mtihani ukikaribia, nimeazimu kuendelea na fizikia.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne