Njia za Sokwe Kati ya Budongo na Bugoma

Tunapozungumzia hifadhi ya wanyama, mara nyingi fikira zetu hukomea mpakani mwa msitu. Lakini sokwe hautambui mpaka huo. Magharibi mwa Uganda, msitu wa Budongo, wenye takriban kilometa 800 za mraba, na ule wa Bugoma, wenye zaidi ya 400, imetenganishwa na mashamba. Kati yake vimesalia vipande vya miti kandokando ya mito, vingi vikiwa mali ya wakulima. Sokwe jike akomaapo, kwa kawaida huhamia kundi jingine. Njia ikikatika, ukoo hudhoofika.

Njia hizo hupimwaje? Wataalamu huigawa ramani katika viraba vidogo, kila kimoja wakakipa kiwango cha ukinzani: msitu hupewa kidogo, shamba kikubwa zaidi, mji kikubwa kupita vyote. Kisha hukokotoa mwendo wa mnyama kana kwamba ni mkondo wa umeme upitao njia zote kwa pamoja, hesabu ambayo Mmarekani Brad McRae na wenzake waliieleza mwaka 2008. Pale mkondo unaposongamana katika kichochoro chembamba, ndipo shoka litakapoleta hasara kuu.

Hata hivyo, viwango hivyo huwekwa na binadamu; havina budi kusahihishwa kwa viota na nyayo zilizoonekana porini. Aidha, ramani haimlishi mkulima wala haimlipii mwanawe karo. Kwa hiyo twaona kwamba anayeombwa kuuacha ukanda wa miti shambani mwake anastahili malipo. Pasipo hilo, tutabaki na ramani nzuri ya njia isiyopitika.